Doa la Rangi ya Chai

Masika yakianza mwezi Machi, ndoo na masufuria huhamia sebuleni katika nyumba nyingi za Kinondoni, na simu za mafundi bati hazikatiki. Paa lakini halianzi kuvuja siku ya mvua. Kwa kawaida linakuwa limetoa dalili tangu kiangazi, ila hakuna aliyeinua macho.

Dalili hizo huonekana vizuri zaidi kwa ndani. Mwenye nyumba akichungulia juu ya dari saa saba mchana, tochi ikiwa imezimwa, kila tundu la bati humwonyesha nukta ya mwanga. Akiwasha tochi, ataona michirizi myeusi kwenye kenchi na papi. Mbao inayobonyea kwa ncha ya bisibisi imeshaoza. Chini yake, kwenye silingibodi, ndipo lilipo lile doa la rangi ya chai. Tundu lenyewe huenda liko mita mbili kutoka hapo, kwa sababu maji hufuata mteremko wa mbao kabla ya kudondoka.

Msasani, Kawe na Kunduchi zina adui wa ziada: chumvi. Upepo wa bahari huitua juu ya bati, nayo hula zinki. Kutu huanzia kwenye misumari na kwenye maungio, maana hapo unyevu hujificha. Raba ya msumari ikikauka na kupasuka, maji hupata njia. Geji nayo huwachanganya wanunuzi: namba inavyopanda ndivyo bati linavyopungua unene. Geji 32 ni jembamba kuliko 28, hata muuzaji aseme nini.

Nyumba mpya za Mbezi Beach na Bunju nyingi zimeezekwa bati za vigae zilizopakwa chembe za mawe. Chembe hizo zikijaa kwenye gata, uso wa paa umeanza kuchakaa. Baada ya upepo mkali, kama ule wa kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, pa kutazama kwanza ni kofia na kingo, kwani upepo huanza kufunua hapo.

Kupanda ni hatua ya mwisho, na si ya kila mtu. Fundi mzoefu husubiri umande ukauke, huvaa viatu vya soli ya raba na mkanda uliofungwa kwenye kenchi imara. Ngazi ya kufikia ukingo wa mita nne huisogeza mita moja kutoka ukutani, na ncha yake huipitisha ukingo huo kwa mita moja hivi. Juu, hufuata mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake pana papi. Bati za simenti za zamani, zile za kijivu, hazikanyagi kabisa. Huvunjika bila onyo.

Waya wa umeme unaoingia nyumbani mara nyingi hupita juu ya bati. Bati likipiga shoti hata kidogo, usiliguse tena wala usiegemeze ngazi: wapigie TANESCO kwanza.