Mtoto Anapopaliwa na Uji: Tiba ya Kumeza na Usemi kwa Mwenye Mtindio wa Ubongo

Kikohozi kinachomjia mtoto kila anapolishwa si mafua, wala si kimeo. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mara nyingi ni ishara kwamba uji au maziwa yanaingia katika njia ya hewa. Baadhi ya wazazi humpeleka mtoto akakatwe kimeo. Tendo hilo haliondoi tatizo; humwachia jeraha linaloweza kuvuja damu, kuingiwa na vijidudu na kumzidishia maumivu ya kumeza.

Kumeza huhitaji misuli zaidi ya 20 ya midomo, mashavu, ulimi na koo ifanye kazi kwa mpangilio. Tonge linapopita kooni, pumzi husimama kwa muda mfupi na njia ya hewa hufungwa. Ubongo ulioumia kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa huweza kushindwa kuratibu kazi hiyo. Chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia, na mtoto asiyemeza vizuri hudhoofu kwa utapiamlo.

Dalili za kuangalia ni kukohoa au kutoa machozi anapokula, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, nimonia za mara kwa mara, kutoongezeka uzito, na mlo unaozidi dakika 30 kila siku. Wapo pia watoto wanaopaliwa bila kukohoa kabisa. Kwa hiyo mhudumu wa afya asiulize tu mtoto anakula nini. Aombe kumwona akilishwa.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumlaza mtoto mapajani, kichwa kikiwa nyuma, na kummiminia uji. Mkao huo huacha njia ya hewa wazi. Mketishe wima, nyonga zikiwa zimekunjwa, miguu ikiegemezwa na kidevu kikiinama kidogo. Tumia kijiko kidogo, kigandamize taratibu juu ya ulimi, kisha ngoja ameze kabla ya kuongeza kingine. Usimzibe pua wala kumlisha akiwa analia au amesinzia. Baada ya mlo, abaki wima kwa dakika 30 hivi na asafishwe kinywa. Uzito wa uji ufuate ushauri wa mtaalamu, kwani mwepesi huweza kukimbia kooni, na mzito mno hubaki humo.

Viungo vya kula ndivyo pia vya kusemea, lakini kupuliza puto au kusugua midomo pekee hakumfundishi mtoto kusema. Usemi hukua kwa mazungumzo. Mwite jina, mtajie chakula, mpe nafasi ya kuchagua kwa macho, kwa mkono au kwa picha. Picha hazizuii usemi. Humpa mtoto sauti wakati maneno hayajaja.

Tiba hii huwahusu mtaalamu wa usemi na kumeza, daktari, muuguzi, mtaalamu wa lishe na wa mazoezi ya viungo. Hata hivyo, anayemlisha mtoto mara kadhaa kwa siku ni mama, bibi au dada wa nyumbani. Wote wafundishwe kwa vitendo, kijiko kikiwa mkononi. Wala mama asilaumiwe mtoto anapodhoofu: mara nyingi amekuwa akipambana peke yake na kazi ambayo hakuna aliyemwonyesha.