Saa ikirudi nyuma, watoto hawana habari

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa nane usiku saa za Uingereza hurudishwa nyuma hadi saa saba. Wasio na watoto wadogo hufurahi, maana wanalala saa moja zaidi. Sisi wenye mtoto wa miaka miwili na nusu na mwingine wa miezi mitano hatumo katika furaha hiyo. Kichanga hana habari na mambo ya Serikali. Jana aliamka saa kumi na moja alfajiri, leo naye anaamka vile vile, ila ukutani saa inasema ni saa kumi. Na akiamka mdogo, mkubwa naye anaamka kuuliza kuna nini.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani, ambao hawajawahi kugusa saa ya ukutani isipokuwa kubadilisha betri, mambo haya yalianzishwa na mjenzi mmoja wa Kiingereza aitwaye William Willett. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu akilalamika kwamba majira ya joto watu wamelala huku jua limekwisha kuchomoza zamani. Sheria ilipita mwaka 1916, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Tangu hapo saa zinapelekwa mbele machipuko na kurudishwa vuli.

Hata hilo neno vuli linatuchanganya. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, watu wako shambani. Hapa ni majani kupukutika na giza kuingia mapema. Sisi tuliokua tukihesabu saa kwa jua tunajua saa kumi na mbili jioni ni magharibi, hata ikisogea haisogei sana. Hapa Leicester tunakoishi, katikati ya Novemba jua linazama saa kumi na dakika kumi hivi, na katikati ya Desemba hata saa kumi haifiki. Mkubwa wetu anatoka nasari saa kumi na moja jioni, nje giza totoro, anauliza kama sasa ni usiku. Tumjibu nini?

Nyumbani kwetu tunaishi kwa zamu. Baba watoto anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, kazi ile ambayo Watanzania wa huku wameipa jina la kubeba boksi. Mama watoto yuko likizo ya uzazi. Baba anaingia saa moja asubuhi, anampokea mtoto, mama anakwenda kujinyoosha kidogo, kisha mambo yanageuka. Tunapokezana mlangoni kama walinzi. Usiku ule wa saa kurudishwa nyuma, zamu ya saa nane inakuwa ya saa tisa. Wapo wanaolipwa saa hiyo ya ziada na wapo wasiolipwa, inategemea mkataba, kwa hiyo mwenye mkataba ausome kabla ya Oktoba kwisha.

Kule nyumbani mzazi ana mama yake, ana wifi, ana shangazi, ana jirani wa kumshikia mtoto wakati anaoga. Ana siku arobaini za kukandwa maji ya moto na kuletewa supu kitandani. Hapa mikono ni minne tu, na miwili kati yake daima imelala.

Mwaka huu tulijaribu ushauri tuliopewa na wazazi wenzetu. Kuanzia Jumatatu ya wiki ile tulichelewesha muda wa kulala kwa dakika kumi kila siku, ili ifikapo Jumamosi ziwe zimetimia dakika sitini. Kwa mkubwa ilisaidia. Kwa mdogo hatukuona tofauti yoyote.

Tulichojifunza zaidi ni kuubana mwanga wa mchana. Siku ambazo mkubwa haendi nasari, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana ndio muda wetu wa kutoka, mvua iwe imekatika au haijakatika. Kuvaa peke yake ni nusu saa: soksi, sweta, koti, kofia, glavu, viatu vya mvua. Ukishafunga zipu ya mwisho ndipo mkubwa anasema, "Mama, kojo." Basi zoezi linaanza upya. Tukifika Abbey Park anajitosa kwenye majani makavu mpaka magotini, anajaza mifuko zile mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa ambazo watoto wa Kiingereza huzifunga kamba na kugonganisha. Mbegu zile haziliwi, zina sumu, na kwa mtoto wa miezi mitano anayepeleka kila kitu mdomoni ni hatari ya kukabwa. Kwa hiyo kabla ya kuingia ndani mifuko inakaguliwa kama uwanja wa ndege. Bado kuna moja hupenya, tukaisikia ikigonga ndani ya mashine ya kufulia.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi wageni hawalijui ni koti nene kwenye kiti cha mtoto ndani ya gari. Mkanda unaonekana umekaza, kumbe umeshika koti tu. Gari likigongwa koti linanywea na mtoto anakuwa amelegea ndani yake. Mvue koti, mfunge mkanda, halafu mfunike blanketi kwa juu.

Nguo zenyewe ni mtihani. Watoto wawili hawa wanachafua kwa siku nguo ambazo mtu mzima anavaa wiki nzima, na nje hazikauki. Ukizianika ndani, juu ya vipasha joto na kwenye migongo ya viti, unyevu unaingia ukutani na ukungu mweusi unaota kwenye kona. Hapo si suala la sura ya nyumba. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto Awaab Ishak, mwana wa wazazi kutoka Sudan, alifariki akiwa na miaka miwili kutokana na ukungu wa nyumba waliyopanga. Wazazi wake walikuwa wamelalamika. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za vyama vya nyumba: mwenye nyumba akipata taarifa ya ukungu wenye madhara lazima achunguze ndani ya siku kumi za kazi, na hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Andika barua au ujumbe, uwe na nakala. Maneno ya mdomo hayana ushahidi. Sisi tunafungua dirisha kila asubuhi hata kukiwa na baridi kali, na bibi yao akiona hivyo kwenye simu anapiga kelele.

Kuhusu dawa tutasema kwa ufupi. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kuipa ngozi vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Upungufu wake ndio unaoleta matege. Anayenyonya maziwa ya mama hupewa matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, na wa mwaka mmoja hadi minne mikrogramu 10. Mkubwa, kwa umri wake, hupewa bure kinga ya mafua makali ya kupuliziwa puani. Wasomaji wetu Waislamu wajue kwamba ndani yake mna jeletini ya nguruwe. Asiyeitaka anaweza kuomba sindano isiyo nayo.

Lakini lililotuuma zaidi mwaka huu ni simu ya bibi. Bibi yao yuko Tanga, Kiingereza hajui, na mkubwa tangu aanze nasari ameanza kutujibu kwa Kiingereza tunapomsemesha Kiswahili. Nje ya nyumba Kiswahili anakisikia Belgrave Road tu, tunapokwenda kununua mihogo, kwa wazee wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, wengine wao wakiwa wamefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Dakika ishirini za bibi kila jioni ndizo shule yake. Majira ya joto tofauti yetu na Tanga ni saa mbili: hapa saa kumi na moja jioni, kule saa moja usiku, bibi ameshaswali magharibi na amekaa barazani. Saa zikirudi nyuma tofauti inakuwa saa tatu. Kule inakuwa saa mbili usiku na bibi, anayeamka alfajiri, ameshalala. Wiki nzima simu iliita bila kupokelewa. Mkubwa akaacha kuulizia.

Tukahamishia asubuhi, saa moja na nusu, baba akiwa amerudi na hajalala. Ndio wakati pekee ambao wanne wote tuko macho. Kule ni saa nne na nusu, bibi yuko uani anachambua mchele.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mjukuu wangu. Na huyo mdogo wako mbona kichwa wazi? Mvisheni kofia!"

Tunamweleza kwamba ndani ya nyumba wakunga wa hapa wanakataza kofia, mtoto asije akapata joto kupita kiasi. Hakubali. Mkubwa anataka kuonyeshwa kuku, na siku moja alipomwona jogoo amepanda juu ya pipa akasema sentensi nzima bila kusaidiwa: "Bibi, mwambie ashuke, ataanguka."

Machi, Jumapili ya mwisho, saa zitapelekwa mbele tena. Tumemwarifu bibi. Amesema saa yake ya ukutani haigusi mtu. Tukimhitaji tunajua anaamka saa ngapi.