Mchwa nyumbani: Usimwage sumu kabla ya ukaguzi

Ndugu msomaji, katika Qur'an Tukufu, Surat Sabaa aya ya 14, ametajwa mdudu wa ardhini aliyekula fimbo ya Nabii Suleiman (a.s.). Wafasiri wengi wamesema mdudu huyo ni mchwa. Fimbo ilionekana imara, kumbe ilikuwa ikiliwa. Ndivyo inavyokuwa hata kwa nyumba zetu. Fremu ya mlango imepakwa vanishi na inang'aa, lakini ukiibonyeza kwa kidole inabonyea kama karatasi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapofanya kosa. Tunakimbilia dukani, tunanunua dawa kali na kuimwaga ukutani. Wengine humwaga oili chafu ya gari au mafuta ya taa. Mchwa hupotea kwa muda, kisha huibukia chumba cha pili. Sumu yenyewe haipotei. Inabaki sakafuni ambapo mtoto anatambaa, au inateremka na maji kuelekea kisimani. Wiki hii tuangalie njia iliyo salama zaidi.

Kwa nini hurudi?

Mchwa unaowaona kwenye mbao ni vibarua tu. Makao yao yako ardhini, pengine nje kabisa ya kiwanja chako, na huko yuko malkia anayetaga maelfu ya mayai kwa siku. Ukiwaua mia waliopo kwenye fremu, kesho watatumwa wengine. Kwa hiyo kazi si kuua unaowaona, bali kujua wanapopita na kuwazibia njia.

Jikague mwenyewe kwanza

Chukua tochi na bisibisi, kisha zunguka nyumba yako. Tazama vijia vya udongo vinavyopanda kwenye msingi na pembe za kuta. Mchwa wa ardhini hukauka haraka wakiwa juani, hivyo hujijengea vijia hivyo ili wapite kwenye unyevu na giza. Gonga fremu, makabati na kenchi kwa mpini wa bisibisi. Mbao iliyoliwa hutoa sauti ya kitu kitupu. Mvua za kwanza zikianza, angalia kama kuna mabawa ya kumbikumbi yaliyorundikana ndani chini ya madirisha. Kumbikumbi ni mchwa wanaotafuta makao mapya.

Aidha, tafuta kinachowaita: bomba linalovuja, udongo au kuni zilizoegemezwa ukutani, visiki, na vipande vya mbao vilivyoachwa na mafundi chini ya jamvi. Haya unaweza kuyaondoa leo bila kununua dawa yoyote.

Mtaalamu hufanya nini?

Mtaalamu wa kweli hakutajii bei kwa simu kabla hajaiona nyumba. Atakagua ndani, nje na juu ya dari, na atakuonyesha kwa kidole mahali mchwa wanapoingilia. Kisha kwa kawaida huchimba mfereji mdogo kuzunguka msingi, hutia dawa iliyochanganywa kwa kipimo na kurudishia udongo. Ndani hutoboa matundu sakafuni kando ya kuta, huingiza dawa chini ya jamvi na kuyaziba kwa saruji.

Baadhi ya dawa za sasa, kama fipronili, haziui papo hapo. Mchwa hupita kwenye udongo wenye dawa bila kushtuka, kisha huipeleka kwa wenzake. Kwa hiyo usishangae ukiwaona bado siku chache baada ya kazi. Kama ndiyo kwanza unajenga, wakati mzuri kuliko wote ni kabla ya kumwaga jamvi, maana udongo wote uko wazi.

Kabla hujalipa, uliza maswali haya. Dawa inaitwaje, na je, lebo yake ipo? Imesajiliwa? Hapa Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Familia irudi ndani baada ya muda gani? Atarudi lini kukagua tena? Anayeleta dawa ndani ya chupa ya soda isiyo na lebo, mrudishe alikotoka.

Sumu na afya

Zamani mchwa waliuawa kwa aldrini, dieldrini na klorideni. Mkataba wa Stockholm uliopitishwa mwaka 2001 uliziweka katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, kwa kuwa hukaa ardhini miaka mingi, hujikusanya katika mafuta ya mwili na huonekana hata katika maziwa ya mama. Mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza klopairifosi, huku matumizi machache yakiachwa kwa muda.

Kama una kisima, au jirani yako anacho, mwambie mtaalamu kabla hajaanza. Karibu na kisima dawa haimiminwi ardhini ovyo. Kuna njia ya kuutoa udongo, kuutia dawa juu ya karatasi ya nailoni na kuurudisha ukishaifyonza. Jirani naye apewe taarifa, kwani maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa ukuta.

Siku ya kazi, watoto, wajawazito, wagonjwa wa pumu na mifugo wakae mbali. Vyombo, vyakula na ndoo za maji vifunikwe au vitolewe nje. Mtu akianza kutoka jasho na mate mengi, kutapika, kubanwa kifua au kutetemeka, mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa dawa na muoshe kwa maji na sabuni. Usimlazimishe kutapika, wala usipoteze muda kwa kumnywesha maziwa. Mkimbize hospitali na uende na lebo ya dawa, ili daktari ajue anatibu nini.

Ndugu msomaji, mlango ulioliwa hununuliwa mwingine. Figo au pumzi ya mtoto hainunuliwi. Anza na tochi, kisha mtaalamu, na dawa iwe ya mwisho. Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.