Kemia ya udongo wa msitu

Kemia ya udongo wa msitu ni hali ya asidi, madini na mboji katika udongo ulio chini ya miti. Katika misitu ya kitropiki yenye mvua nyingi, hali hiyo hutegemea sana mambo mawili: mvua, ambayo huondoa virutubishi, na majani yanayoanguka, ambayo huvirudisha.

Kazi ya mvua

Maji ya mvua, hata pasipo uchafuzi wa hewa, yana asidi kidogo (pH takriban 5.6) kwa sababu huyeyusha dioksidi kabonia ya angani. Yakipenya ardhini huongezewa asidi itokanayo na upumuaji wa mizizi na kuoza kwa majani. Ioni za hidrojeni za asidi hizo hushika nafasi za kalisi, magnesi na potasiamu kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi. Madini yaliyoondolewa huchukuliwa na maji hadi chini, mbali na mizizi. Baada ya maelfu mengi ya miaka hubaki kwa wingi oksidi za chuma na za alumini. Zile za chuma huupa udongo rangi nyekundu au ya manjano, na zote mbili huishika fosforasi hata mimea ikaipata kwa shida.

Kazi ya majani

Majani yaliyoanguka huozeshwa na kuvu na bakteria, baada ya kukatwakatwa na mchwa, nyungunyungu na viumbe wengine wadogo. Majani laini yenye nitrojeni nyingi huoza mapema. Yale magumu yenye lignini nyingi huchelewa. Virutubishi vinavyotoka hunyonywa upesi na mizizi mingi iliyo karibu na uso wa ardhi, kabla mvua haijavichukua. Mboji inayobaki hushika madini na maji, na tandiko la majani huvunja nguvu ya matone ya mvua.

Mfano wa Usambara

Milima ya Usambara Mashariki, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, hupata mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi. Katika miaka ya 1890 walowezi Wajerumani waliiona misitu yake minene wakadhani udongo wake una rutuba kubwa. Walifyeka miti wakapanda kahawa, lakini mavuno yalipungua na mashamba mengi yakaachwa. Rutuba waliyoitegemea ilikuwa ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la juu. Miti ilipokatwa, majani yake hayakuanguka tena, lakini mvua iliendelea kunyesha. Baadaye chai ilistawi katika milima hiyohiyo, kwa kuwa mchai hupenda udongo wenye asidi.

Kwa hiyo ukubwa wa miti si kipimo cha rutuba ya udongo. Mkulima anayelima mahali palipokuwa msitu huhitaji kurudisha mboji, kwa mfano kwa matandazo, samadi au miti iliyochanganywa na mazao.