Mbwa wa mbegu Nambambo: Mtaji au gharama?

MFANYABIASHARA wa Nambambo mwenye stoo ya mazao anajua kwamba msimu wa korosho ndio msimu wa kukosa usingizi. Kuanzia Oktoba mali hujaa na fedha hutembea, na wezi nao huwa macho. Ndipo wengine, hapa Nachingwea na hata Ruangwa, huanza kufikiria mbwa wa mbegu, hasa German Shepherd. Wapo pia wanaoona kuwa kuzalisha na kuuza watoto wake ni biashara inayolipa. Wiki hii tunaipigia hesabu biashara hiyo.

Bidhaa yenyewe

Mbwa wa mbegu ni yule ambaye wazazi, babu na bibi zake wanajulikana kwa hati. German Shepherd alianza kusajiliwa kama aina yake Ujerumani mwaka 1899, kwa kazi ya kuchunga kondoo. Dume aliyekomaa hufikia kilo 30 hadi 40. Kwa Afrika Mashariki, klabu inayofahamika kwa usajili na maonyesho ya mbwa ni East Africa Kennel Club ya Nairobi. Muuzaji asiye na hati anauza sura tu, na sura hairithiwi kwa uhakika. Mnunuzi asikubali kulipa bei ya mbegu kwa mbwa wa namna hiyo.

Hesabu ya jike mmoja

Tuchukue mfano, kila msomaji aweke bei za kwake. Tuseme jike anakula shilingi 3,000 kwa siku, yaani ugali wa dona, dagaa na mabaki ya nyama. Kwa mwaka ni shilingi 1,095,000. Hafai kupandishwa kabla ya kukomaa, karibu miaka miwili, hivyo kabla ya kuingiza hata senti tano amekwisha kula shilingi 2,190,000.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Tuseme kila mwaka, kuanzia wa tatu, anazaa mara moja na watoto wanne wanauzwa kwa shilingi 400,000 kila mmoja. Mapato ni shilingi 1,600,000. Ukitoa chakula chake cha mwaka, zinabaki 505,000. Kwa mwendo huo, mwishoni mwa mwaka wa sita bado kuna pengo la shilingi 170,000. Faida inaonekana mwaka wa saba.

Hapo hatujaweka bei ya kumnunua, banda, chanjo, dawa, malipo ya dume wala chakula cha watoto. Isitoshe, chama kikuu cha mbwa cha Uingereza tangu 2012 hakisajili zaidi ya mizao minne ya jike mmoja, kwa ajili ya kulinda afya yake. Katika mfano wetu, mizao minne inaisha mwaka wa sita, wakati mwenye mali bado anadaiwa.

Hatari za soko la kusini

Kupe na mbung'o ndio maadui wa kwanza. Mbwa aliyeletwa kutoka nje au kutoka mjini hana kinga ya magonjwa yao kama mbwa koko wa hapa, na anaweza kufa katika siku chache. Ugonjwa wa parvo nao unaweza kufagia uzao mzima. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16.

Kichaa cha mbwa hakihitaji maelezo marefu. Kati ya 2010 na 2015 Lindi na Mtwara zilikuwamo katika mradi wa majaribio wa kukitokomeza, uliosimamiwa na Serikali na Shirika la Afya Duniani. Lengo lilikuwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wa laki nne asiyechanjwa ni hatari sawasawa na koko wa sokoni.

Aidha, soko lenyewe ni jembamba. Kwa Waislamu wengi wa mkoa huu mbwa anakubalika kwa ulinzi, mifugo, shamba au uwindaji, lakini si wa kukaa naye sebuleni. Wateja basi ni wenye maghala, mashamba na kampuni za ulinzi.

Thamani iko kwenye mafunzo

Wateja wa namna hiyo hununua kazi. Mtoto wa mbwa azoeshwe watu, pikipiki na kelele za mashine kati ya wiki ya tatu na ya 14. Akipitwa na umri huo, mara nyingi hukua mwoga, na mbwa mwoga huuma wateja.

Huko Ulaya kazi hii imekuwa mchezo. Shindano linaloitwa IGP lina sehemu tatu: kufuata harufu, utii na ulinzi. Kila sehemu ina alama 100, na mbwa haingii kabla ya miezi 18. Anayeng'ata bila kuachia anapoamriwa hafaulu. Kwetu mbwa waliofunzwa wanaonekana katika Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi, na miongoni mwa wanaonusa pembe za ndovu, ambao kituo chao cha mafunzo kiko Usa River, Arusha.

Ushauri wetu

Nachingwea inaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufungwa 1951. Mtaji ulikuwapo na mitambo ilikuwapo. Ardhi na mvua ndizo hazikuchunguzwa mapema. Anayetaka mbwa wa mbegu aanze kwa bwana mifugo kabla ya kwenda kwa muuzaji.

Kama shida ni ulinzi wa stoo, mbwa wa hapa hapa aliyechanjwa, akashiba na kufunzwa tangu mdogo atabweka usiku kwa gharama ndogo zaidi. Kama nia ni kuzalisha, usianze bila kuwa na akiba ya chakula cha miaka miwili mkononi. Na fedha ya kununulia korosho msimu huu isiguswe.