PAUL KLEE: KARANI WA JESHI ALIYECHORA MUZIKI

Katika kila kikosi huwapo mtu ambaye wenzake humjua kwa jambo lisiloandikwa katika daftari la kikosi. Huyu hupiga gita, yule huchonga, na mwingine huwaandikia wenzake barua kwa mwandiko mzuri hata wanaozipokea huona taabu kuzitupa. Mkubwa wake humjua kwa namba. Wenzake humjua kwa mkono wake. Wako wanaodhani kwamba mtu akivaa sare, kipaji chake hakina budi kulala bohari pamoja na nguo zake za kiraia mpaka siku ya kustaafu. Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tutazame maisha ya mtu mmoja wa Ulaya aliyeitwa jeshini akiwa na umri wa miaka 36, akahudumu mpaka vita vilipokwisha, na ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Jina lake ni Paul Klee.

NYUMBA YA MUZIKI

Klee alizaliwa tarehe 18 Desemba 1879 katika kijiji cha Münchenbuchsee, karibu na mji wa Bern, nchini Uswisi. Baba yake, Hans Klee, alikuwa Mjerumani na mwalimu wa muziki. Mama yake, Ida, alikuwa Mswisi aliyesomea uimbaji. Kwa sheria ya siku zile mtoto alifuata uraia wa babaye. Hivyo Paul, ingawa alizaliwa na kukulia katika ardhi ya Uswisi, alihesabiwa kuwa Mjerumani. Msomaji na alikumbuke jambo hili dogo, kwa maana lilimfuata mtu huyu hadi kufa kwake.

Alipokuwa na umri wa miaka saba alitiwa fidla mkononi. Alipofika miaka 11 alikuwa hodari kiasi cha kukaribishwa kupiga pamoja na watu wazima katika okestra ya mji wa Bern. Wakati huo huo bibi yake mzaa mama alikuwa amemzoesha kalamu za rangi. Basi kijana akakua akiwa na njia mbili mbele yake, na zote mbili zikimwita.

Mwaka 1898 alikwenda Munich, Ujerumani, kusomea uchoraji. Wengi walishangaa, maana fidla ingeweza kumpa riziki mapema zaidi. Lakini sababu yake ilikuwa na mantiki. Muziki alioupenda kuliko wote ni wa Johann Sebastian Bach na wa Wolfgang Amadeus Mozart, mabwana wa karne ya 18, na kwa maoni yake muziki wa Ulaya ulikuwa umekwisha kufika kileleni mikononi mwa watu hao. Aliyekuja nyuma yao angeweza kuutumikia tu. Katika uchoraji, kinyume chake, aliona pori kubwa lisilofyekwa. Akachagua pori. Hata hivyo fidla hakuiacha. Kwa miaka mingi aliipiga kabla ya kushika brashi, kama askari anyooshavyo viungo kabla ya zamu.

Mwaka 1906 alimwoa Lily Stumpf, mpiga piano. Kwa kuwa picha zake hazikununuliwa, mke ndiye aliyeleta fedha nyumbani kwa kufundisha piano, naye mume akapika, akafagia na kumlea mwana wao Felix, aliyezaliwa mwaka 1907. Meza yake ya kuchorea ilikuwa jikoni. Baadaye alimtengenezea mtoto huyo vikaragosi vya kuvalishwa mkononi, kwa vitambaa vikuukuu, mifupa na takataka za nyumbani. Vingine vipo mpaka leo na huonyeshwa katika majumba ya sanaa.

JUA LA AFRIKA

Mpaka kufikia umri wa miaka 34 Klee alikuwa mtu wa mistari zaidi kuliko rangi. Mabadiliko aliyapata katika bara letu. Mwezi Aprili 1914 alisafiri kwenda Tunisia pamoja na wachoraji wenzake wawili, August Macke na Louis Moilliet. Walikaa kiasi cha wiki mbili, wakapita Tunis, Hammamet na Kairouan. Kuta nyeupe, kuba za misikiti, bustani na mwanga mkali wa jua vilimfungua macho. Shajara yake yaonyesha kwamba huko Kairouan ndiko alikojihesabu mchoraji kamili. Picha za maji alizorudi nazo zina vipande vya rangi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu kama mashamba yanavyoonekana kutoka mlimani.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Agosti 1914 Vita Kuu vilizuka. Macke aliitwa jeshini na kuuawa mwezi Septemba mwaka huo huo katika uwanja wa Champagne, Ufaransa, akiwa na miaka 27 tu. Tarehe 4 Machi 1916 rafiki mwingine, mchoraji Franz Marc, aliuawa karibu na Verdun. Wiki moja baadaye, tarehe 11 Machi 1916, Klee mwenyewe aliitwa kuvaa sare.

Inafaa tukumbuke kwamba siku hiyo hiyo, hapa Afrika Mashariki, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikuwa yakipigania vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta. Vita vilikuwa vile vile, na Waafrika wengi, askari na wapagazi, walifia ndani yake kwa ugomvi ambao hawakuuanzisha.

KURUTA MWENYE SHAJARA

Klee alifunzwa gwaride na bunduki huko Landshut kama kuruta yeyote. Hakuwa mtu wa kushangilia vita, wala hakuwa mtoro. Mwezi Agosti 1916 alihamishiwa Schleissheim, penye karakana za ndege za jeshi. Kazi aliyopewa yaweza kumchekesha msomaji: mtu ambaye picha zake leo hununuliwa kwa mamilioni alipewa kopo la rangi akapake mabawa ya ndege na kuandika upya namba zilizofutika, akitumia vibao vilivyotobolewa herufi. Mara kwa mara alitumwa kusindikiza ndege zilizopakiwa katika treni kuelekea mipakani na viwanja vya vita, na safari hizo ndefu alizitumia kutazama nchi na kuandika shajara.

Mwezi Januari 1917 alipelekwa Gersthofen, karibu na Augsburg, katika shule ya marubani, akawa karani katika ofisi ya mlipaji mishahara. Huko ndiko alikokaa mpaka mwisho wa vita. Mchana alijumlisha mishahara ya askari. Hesabu zikiisha, alivuta mtoto wa meza na kutoa karatasi na brashi. Wanafunzi wa urubani walikuwa wakianguka na ndege zao mara nyingi. Mabawa ya ndege za wakati ule yalifunikwa kwa kitani, nacho kitani cha ndege zilizovunjika Klee alikiokota, akakikata vipande vidogo na kuvichorea juu yake. Vitu vilivyoletwa na kifo vikawa turubai.

Wachunguzi wa sanaa wanaeleza kwamba kazi ile ya karakana haikupotea bure. Katika picha zake za baadaye huonekana herufi, namba na mishale, kama zile zilizopigwa kwa vibao juu ya ubavu wa ndege. Kwa hiyo tusiseme tu kwamba Klee alikuwa mchoraji licha ya kuwa askari. Baadhi ya alfabeti ya uchoraji wake aliipata humo humo jeshini, katika kazi ambayo mwingine angeiita ya kudharauliwa.

MTINDO WAKE

Mtindo wa Klee hauigiki kwa urahisi. Picha zake nyingi ni ndogo, zaweza kukaa juu ya mapaja. Alichora kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa mkono wa kulia. Hakumaliza picha moja ndipo aanze nyingine. Aliweka kadhaa mbele yake kwa pamoja, akawa anatoka hii kwenda ile, kiko mdomoni na paka wake karibu. Alipenda michoro ya watoto, si kwa sababu hakujua kuchora kwa ufundi, bali kwa sababu aliona humo jicho lisilokwisha kuzoea dunia. Katika picha zake ndege, samaki, miezi na nyumba vimepunguzwa mpaka vimebaki mistari michache tu; lakini mistari hiyo haiwezi kusogezwa hata kidogo bila kuiharibu picha.

Tena alikuwa mtu wa utaratibu. Tangu mwaka 1911 aliweka daftari la kazi zake zote, akiandika namba, mwaka na jina la kila moja, kama mtunza bohari aandikavyo mali ya serikali. Kwa daftari hilo twajua kwamba alitengeneza kazi zaidi ya 9,000. Wale wanaodhani kwamba msanii ni mtu wa kungojea pepo zimpande, na wajifunze hapa: kipaji kilikuwapo, lakini nidhamu ndiyo iliyokipa hesabu hiyo.

Kuanzia mwaka 1921 mpaka 1931 alifundisha katika shule mashuhuri ya sanaa na ufundi iitwayo Bauhaus, kwanza Weimar, kisha Dessau. Masomo yake aliyaanza na nukta. Nukta ikisogea huzaa mstari. Mstari ukihama huzaa eneo. Na kila kimoja kina uzito na mwendo wake. Alitaka mwanafunzi ajue chembe ndogo kwanza kabla ya kujaribu kujenga kubwa, sawa na mkufunzi asiyempa kuruta bunduki kabla hajajua kusimama.

MUZIKI UONEKANAO

Sasa tufike katika jambo lililomtofautisha na wengine. Klee hakuchora watu wakipiga muziki tu. Alitaka picha yenyewe ijengwe kama muziki ujengwavyo. Ili tuelewe, tuangalie aina ya muziki iitwayo fuga, ambayo Bach aliitawala kuliko yeyote. Katika fuga sauti ya kwanza huanza wimbo peke yake. Kabla haijafika mbali, sauti ya pili huingia na wimbo ule ule, kisha ya tatu, na zote huendelea pamoja pasipo kugongana. Mwafrika aliyesikia ngoma nne zikipigwa, kila moja na mapigo yake na zote zikifanya ngoma moja, hatapata taabu kulifahamu jambo hili.

Mwaka 1921 Klee alichora picha ya rangi za maji na kuiita Fuga katika Nyekundu. Juu ya weusi yapo maumbo mepesi, kama mitungi na majani. Kila umbo hufuatwa na jingine la namna yake, kutoka wekundu wa giza hadi wekundu wa mwanga, kama sauti ziingiazo moja baada ya nyingine. Klee aliona kwamba mchoraji ana faida moja juu ya mwanamuziki: muziki hupita na kutoweka, bali picha huzionyesha sauti zote kwa wakati mmoja, na jicho laweza kurudi nyuma lipendapo.

Majira ya baridi ya mwaka 1928 kuingia 1929 alirudi Afrika, safari hii Misri. Mashamba ya bonde la Nile, yaliyokatwa kwa mifereji, yalimpa picha za mistari iliyogawanywa kwa hesabu kama mapigo ya muziki. Mwaka 1932 alikamilisha picha kubwa kuliko kawaida yake, iitwayo Ad Parnassum, ambayo sasa iko Bern. Imejengwa kwa nukta nyingi zilizopangwa kama matofali madogo, na juu yake kuna umbo la mlima au piramidi chini ya jua. Jina lake lakumbusha kitabu maarufu cha mafunzo ya muziki cha mwaka 1725, kilichoandikwa na Johann Joseph Fux.

KUFUTWA ORODHANI

Mwaka 1933 Manazi walishika utawala wa Ujerumani. Mwezi Machi nyumba ya Klee ilipekuliwa, na mwezi Aprili alisimamishwa kazi ya ualimu aliyokuwa nayo Düsseldorf. Waliompinga walimwita Myahudi. Hakuwa Myahudi; lakini uovu wa tuhuma hiyo haukuwa uongo wake tu, bali ni kulifanya kabila la mtu kuwa kosa. Mwaka huo alichora uso wa mtu uliopigwa alama nyeusi ya mkato kichwani, akauita Amefutwa Orodhani. Mwezi Desemba alirudi Bern. Mwaka 1937 Manazi waliziweka kazi zake 17 katika maonyesho ya kukebehi sanaa waliyoiita iliyooza, na zaidi ya 100 ziliondolewa katika makumbusho ya Ujerumani. Hivyo ndivyo nchi aliyoivalia sare kwa karibu miaka mitatu ilivyomlipa.

Msiba haukuja peke yake. Mwaka 1935 alishikwa na ugonjwa unaokakamaza ngozi na kubana viungo vya ndani. Fidla ilibidi aiweke chini. Mwaka 1936 aliweza kutengeneza kazi 25 tu. Mtu mwingine angehesabu kwamba safari imekwisha. Klee alirahisisha mistari yake, akaifanya minene na michache, akaendelea. Mwaka 1939 daftari lake lilipokea kazi zaidi ya 1,200, hesabu ambayo hakuifikia katika mwaka mwingine wowote wa maisha yake.

Alikuwa ameomba uraia wa Uswisi, nchi aliyozaliwa. Maombi yalipita ofisi moja hadi nyingine, na maofisa waliuliza maswali hata juu ya picha zake. Tarehe 29 Juni 1940 alifariki huko Muralto, kusini mwa Uswisi, akiwa na umri wa miaka 60, kabla ya uamuzi wa mwisho kutolewa. Alikufa akiwa Mjerumani kwa karatasi. Mwaka 2005 mji wa Bern ulifungua jumba kubwa kwa jina lake, lenye kazi zake zipatazo 4,000. Nchi iliyochelewa kumpa hati sasa hujivunia kuwa kwao.

Sisi tulio katika ulinzi wa nchi hatukuitwa kuwa wachoraji, na kazi yetu ni ile tuliyoapishwa. Hata hivyo, mkubwa wa kikosi aonaye karatasi yenye picha katika mtoto wa meza ya karani wake, hesabu za mishahara zikiwa zimekamilika na sahihi, asiwe mwepesi wa kuichana. Na askari mwenye kipaji asingoje kustaafu wala asingoje vifaa vizuri. Karani wa Gersthofen alikuwa na meza ya serikali, saa chache za jioni, na kitani cha ndege zilizoanguka.