Nusu Isiyochorwa

Uchoraji wa dhana ni ule ambao wazo hutangulia sura, hivi kwamba mtazamaji hatakiwi tu kukitambua kitu kilichochorwa, bali kutafuta ni nguvu gani iliyokipa maana. Istilahi ya sanaa ya dhana ilienea baada ya insha ya Mmarekani Sol LeWitt ya mwaka 1967, lakini swali lenyewe ni la kale zaidi, na katika eneo la West Nile nchini Uganda, kutoka Arua hadi Koboko, lilikwisha kupata majibu yanayostahili kusomwa na kila mchoraji.

Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyewachunguza Walugbara wa eneo hilo kuanzia mwaka 1949, alieleza kwamba kwao Mungu ana pande mbili: Adroa aliye juu, mbali na wanadamu, na adro akaaye duniani, mitoni na vichakani, ambaye huonekana tu na mtu aliyekaribia kufa. Adro ana nusu ya mwili, yaani jicho moja, sikio moja, mkono mmoja na mguu mmoja anaorukia. Nusu isiyokuwapo si kilema, bali ndiyo inayotangaza kwamba mwili huo si wa upande wa walio hai. Mchoraji akimwongezea jicho la pili, atakuwa amechora mtu wa kawaida. Sura ya namna hii haiwezi kunakiliwa kwa kutazama. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya njia ya Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere mwaka 1937, ambaye aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno kisha akawaacha wachore walichokiona akilini.

Mtihani mgumu zaidi kwa mchoraji ni maji ya ibada ya Yakan. Rembe, nabii wa Kikakwa aliyenyongwa Yei mwaka 1917, aliwanywesha watu maji yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi, na imani hiyo ikawa miongoni mwa misukumo ya uasi wa mwaka 1919 dhidi ya Waingereza. Kwa macho, maji hayo hayakutofautiana na ya kisima chochote. Kilichoyatofautisha ni hofu ya magonjwa na bunduki, tumaini la kukombolewa, na sauti ya aliyeyatoa. Basi anayechora kibuyu peke yake hajayachora maji ya Rembe, hata rangi zake ziwe sahihi namna gani, kwa kuwa kazi yake halisi imo katika mikono inayokipokea, umbali kati ya mtoaji na wanywaji, na upande ambao nyuso zao zimeelekea.